Batri Yenye Kulala Inakula

Mwezi huu tunaongea juu ya kitu kizito, cheusi, chenye kukaa pembeni ya nyumba bila kusema neno: batri. Hatusemi juu ya batri yenye kufanya kazi kila siku. Tunasema juu ya ile yenye imewekwa. Motokari imesimama sababu mvua imeharibu njia. Baba amelazwa hospitali miezi miwili. Pano ya jua imeshushwa sababu jamaa inahama, na batri yake imesukumwa chini ya kitanda. Ao ni batri ya mikrofoni ya kanisa, yenye kuamka paka siku ya yenga na kulala siku zingine sita.

Nyuma ya muda mwenyewe anakuja, anafunga waya, anageuza ufunguo: tka-tka-tka, kisha kimya. Njo tunasikia lile neno: «Lakini hatukuitumia! Kitu chenye hakikufanya kazi kinachoka namna gani?»

Ndugu msomaji, swali hili si la upumbavu. Jembe lenye kuwekwa linabaki jembe. Sufuria yenye kuwekwa inabaki sufuria. Lakini batri haiko kama jembe. Iko kama mbuzi: ukiifunga kamba na kuenda safari bila kuachia mtu majani, usishangae kwa yale utakuta.

Na hasara si ndogo. Kwa mfanyakazi wa mshahara, batri ya motokari ni falanga za siku nyingi. Kwa mchimbaji wa mikono mwenye kuuzisha mawe yake kufuatana na vile mnunuzi anataka, batri ya pano ni akiba ya miezi. Ndani ya sanduku lile kuna taa ya mtoto ya kusomea, simu ya mama, na wakati mwingine ile meza ndogo ya kuchaji simu za majirani yenye inaleta unga wa jioni.

Tufungue basi sanduku, kwa maneno tu, hapana kwa turnavisi. Batri ya volti 12 iko na vyumba 6. Kila chumba kinatoa karibu volti 2,1. Ndani ya kila chumba kuna mabamba ya risasi, ile metali nzito yenye mafundi wanaita plombi, yanaoga ndani ya maji yenye asidi ya sulfuri. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza batri ya kwanza ya namna hii mwaka 1859, na mpaka leo kanuni ni ile ile. Asidi hiyo, sisi watu wa inchi ya shaba tunaijua: njo ile yenye viwanda vinatumia kwa kutoa shaba ndani ya mawe, na malori yake yamepita Kasumbalesa miaka mingi.

Batri ikitoa umeme, asidi inaingia ndani ya mabamba na kuyapaka unga mweupe, wenye kuitwa sulfati ya risasi. Ukiichaji, unga unatoka na kurudi ndani ya maji kuwa asidi. Unga wa leo ao wa jana ni laini, unatoka bila shida. Lakini ukiachwa wiki na miezi unageuka kuwa mawe madogo, sawa na simenti yenye ilinyeshewa ndani ya mfuko wake. Hapo ulete hata sharjeri ya nguvu namna gani, hautautoa wote. Mahali pale pa bamba pamekufa, na batri ya ampere-saa 60 inabaki na nguvu ya 30, kisha ya 15, kisha ni uzito tu.

Sasa, batri yenye kulala haiache kupunguka. Iko kama makala yenye mama amefunika na majivu usiku: hauoni moto, lakini asubuhi makala imepunguka. Batri ya maji inapoteza yenyewe kati ya 3 na 15 kwa 100 kila mwezi, kufuatana na aina yake na umri wake. Zile zenye kufungwa kabisa, za jeli ao zenye mafundi wanaita AGM, zinapoteza kidogo zaidi ya hapo: mara nyingi 1 mpaka 3 kwa 100. Joto nalo linaongeza. Kila mara joto likipanda degre 10, kupoteza kunakaribia kuwa mara mbili. Kwa hiyo batri yenye umeweka chini ya mabati matupu mwezi wa kumi, mbele mvua haijaanguka, inakula mara nyingi kupita ile yenye kukaa ndani ya chumba chenye kivuli.

Lakini mwizi mkubwa ni mwingine. Motokari za siku hizi, hata ukizima yote na kutoa ufunguo, ziko na saa, alarmi, redio yenye kukumbuka vituo vyake, na akili ya elektroniki ya motere. Vyote vinanyonya kidogo kidogo. Tufanye hesabu pamoja, kalamu mkononi. Tuseme vinanyonya miliampere 50, ni kusema ampere 0,05. Zidisha na saa 24: ni ampere-saa 1,2 kwa siku. Zidisha na siku 30: ni 36. Batri yako ni ya 60! Kwa mwezi moja, zaidi ya nusu imeenda, na hakuna mtu aliyewasha hata taa. Lakini ukitoa waya, batri ile ile yenye kupoteza 5 kwa 100 itapoteza ampere-saa 3 tu. Linganisheni: 36 na 3. Tofauti ni ufunguo namba 10 na dakika moja ya kazi.

Watu wenye kujua sana jambo hili ni wale wa Marekani na Kanada wenye kuwa na motokari-nyumba, ndani kuna kitanda, jiko na taa. Wanatembea nayo wakati wa joto, kisha inasimama miezi ya baridi kali. Motokari ya namna ile iko na batri za kazi mbili: moja ya kuwasha motere, zingine za nyumba. Kule adui wa pili ni barafu, kwa sababu batri tupu inaganda karibu degre 10 chini ya sifuri na kupasua sanduku lake, lakini yenye kujaa inavumilia mpaka zaidi ya degre 50 chini ya sifuri. Sisi hatuna barafu hiyo. Baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba haitoshi kugandisha asidi, na hata inasaidia batri kulala vizuri. Lakini ile tofauti ya batri mbili inatuhusu kabisa. Batri ya motokari imetengenezwa kusudi itoe nguvu nyingi kwa sekunde kidogo. Mabamba yake ni membamba. Ukiifunga kwa taa za nyumba na kuimaliza kila usiku, kisha kuiweka tupu, umeipiga mara mbili. Ile ya pano, yenye mabamba manene, inavumilia kutoa polepole usiku mzima, lakini nayo haivumilii kulala na njaa.

Basi namna ya kuilaza. Mbele ya yote, ijaze. Hapana kusema «nitaichaji siku nitaihitaji». Inapashwa kujaa siku ya kuwekwa. Kisha osha juu yake: vumbi la njia zetu likichanganyika na jasho la asidi linakuwa njia ndogo ya umeme kati ya vichwa viwili. Kitambaa chenye maji na bikarbonati kidogo, ile ya kupikia, kinatosha. Lakini funga vifuniko vizuri, kusudi bikarbonati isiingie ndani, maana inaua asidi yenye kufanya kazi.

Wakati wa kutoa waya, anza na upande wa alama ya –, maliza na +. Wakati wa kurudisha, anza na +, maliza na –. Mafundi wengine vijana wanacheka kanuni hii. Lakini chuma chote cha motokari kimefungwa na upande wa –. Ukianza na + na ufunguo wako ukigusa bodi, utaona cheche yenye inaweza kuyeyusha ufunguo na kukuchoma mkono. Vua pete na saa ya chuma. Kama redio yako iko na namba ya siri, itafute mbele ya kutoa waya.

Kisha weka batri mahali pa kivuli, pakavu, penye hewa, mbali na watoto. Wazee walitufundisha kwamba batri yenye kukaa juu ya simenti inanyonywa na simenti. Wakati wao neno hili lilikuwa na sababu, juu masanduku yalikuwa ya mbao ao ya kaushu, na asidi ilipenya. Masanduku ya leo ni ya plastiki. Simenti haiwezi kuinyonya. Kama unapenda kuweka ubao chini yake, weka, hakuna mbaya. Lakini ubao haulishi batri. Tumeona watu wenye kutafuta ubao mzuri na kusahau sharjeri.

Juu ya maji: kwa batri yenye vifuniko, maji yanapashwa kufunika mabamba wakati wote. Ikiwa yamepunguka, ongeza maji safi yenye kuuzishwa kwa batri, yale ya distile, na uongeze mpaka alama nyuma ya kuchaji, sababu wakati wa kuchaji maji yanapanda. Ukikuta mabamba yako wazi kabisa, weka maji kidogo ya kuyafunika, ndipo uchaji. Maji ya kisima ao ya mto, hapana: chumvi na metali za udongo wetu zinaingia ndani na hazitoki tena. Na asidi, hapana kabisa! Watu wanajua kupata asidi karibu na viwanda, ndani ya chupa za plastiki, na wanasema «tuiongezee nguvu». Maji njo yanakauka, asidi inabaki ndani. Ukiongeza asidi juu ya asidi unakula mabamba. Tena chupa ile ya limonade yenye asidi ndani ya nyumba, nani atamwambia mtoto wa miaka mitatu kwamba si maji?

Sasa namna ya kujua kama inalala vizuri. Macho hayatoshi, wala ulimi, wala kule kugusanisha waya kusudi uone cheche, mchezo mbaya sana. Nunua multimetri ndogo, ao muombe fundi wa garaji ya karibu. Acha batri ipumzike saa kadhaa nyuma ya kuchaji, waya zote zikiwa zimetolewa, ndipo upime. Ikionyesha 12,6 ao 12,7, imejaa. Ikionyesha 12,4, imebakia karibu 75 kwa 100. Kwa 12,2 ni nusu. Kwa 12,0 ni robo. Chini ya 11,8 ni tupu, na kila siku yenye kupita unga unageuka jiwe. Tazameni namna namba zile ziko karibu karibu! Mtu anaona 12,0 na kufurahi: «volti 12, si njo imeandikwa juu yake?» Hapana, ndugu. 12,0 ni njaa. Kanuni rahisi ya nyumba ni hii: ikifika 12,4, rudisha kwenye sharjeri. Na ukiona karibu 10,5 hata nyuma ya kuichaji usiku mzima, chumba kimoja kati ya sita kimekufa. Usilipe tena falanga za kuichaji.

Pima mara moja kwa mwezi. Andika juu ya karatasi, tarehe na namba, na uibandike kwenye sanduku. Mama wa nyumba anaweza kuifanya vizuri kupita baba, maana baba mara nyingi anasema «najua» bila kupima.

Kuilisha tena, wengi wanafanya hivi: kila siku ya posho wanawasha motere dakika 10, wanaisikia inanguruma, wanazima, wanaenda kwa amani. Dakika zile zinarudisha kidogo sana, pengine zinalipa tu deni la kuwasha kwenyewe, na mafuta yanaenda. Sharjeri inafaa zaidi, ao safari ya kweli ya saa moja na zaidi. Kwa batri ya maji, nguvu ya kuchaji ni karibu sehemu moja ya kumi: batri ya 60, ampere 6. Ikiwa imefika nusu, itaomba saa 7 ao 8, maana sehemu ya mwisho inaingia polepole. Duka zenye kuchaji batri za watu zinapenda kusukuma ampere nyingi kusudi zipokee wateja wengi. Batri inatoka na joto na kuchemka, na mwenyewe anafikiri imeshiba.

Na pahali umeme haufiki, ao unafika usiku wa manane na kuenda mbele ya jogoo? Pano ndogo ya wati 10 inatosha kwa batri yenye kulala. Kwa jua zuri inatoa karibu nusu ya ampere. Kwa saa 4 ao 5 za jua la nguvu ni ampere-saa 2 na zaidi kwa siku. Inashinda hata yule mwizi wa 1,2 tuliyemhesabu. Lakini weka regilateri kati ya pano na batri, yenye kupangwa kwa aina ya batri yako. Bila hiyo, miezi ya jua kali itakausha maji ndani, na batri ya jeli ukiipandisha volti mno inaharibika bila dawa.

Siku hizi watu wanaleta pia batri za litiumu, nyepesi, za bei kubwa. Hizo ziko na kanuni nyingine, na hapa wenye kujua batri za zamani wanakosea. Batri ya risasi inapenda kulala imejaa. Ya litiumu inapenda kulala karibu nusu, waya zikiwa zimetolewa, na kupimwa kila miezi mitatu hivi. Tumia sharjeri yake mwenyewe. Na mnajua jambo la kuchekesha? Sisi wa Kolwezi tunafikiri kila batri ya litiumu ni mtoto wa kobalti yetu. Aina yenye kuuzishwa sana kwa pano ni ya litiumu, chuma na fosfati. Kobalti ndani yake hakuna hata chembe.

Tuseme na wale wenye kulala na batri chini ya kitanda. Tunaelewa: wezi wako. Kwa batri yenye kupumzika tu, iliyofungwa vizuri, hatari si kubwa. Lakini usiichaji pale! Batri ya risasi ikichajiwa inatoa hidrojeni, hewa bila rangi na bila harufu. Ikifika 4 kwa 100 ndani ya hewa ya chumba, cheche ndogo inatosha. Na chumba kile, wakati wa baridi, kiko na mbabula yenye makala moto, mlango umefungwa, mshumaa umewashwa. Mafundi wenye macho mamoja wako, na mara nyingi mwanzo wa habari yao ni kiberiti chenye kuwashwa kusudi waone kiasi cha maji. Chajia kwenye baraza, mchana. Asidi ikiingia ndani ya jicho, mwanga maji mengi safi dakika 20 bila kuacha, jicho likiwa wazi, kisha mbio kwa munganga. Bikarbonati si ya macho.

Kama umefanya yote na batri imekufa (itakufa siku moja, hakuna yenye kukaa milele), sasa nayo inalala nyuma ya nyumba, na hapa njo tunaogopa zaidi. Vijana wanaivunja na shoka, wanamwaga asidi ndani ya lupango, wanayeyusha risasi juu ya mbabula ya kupikia kusudi wapate vizito vya nyavu. Moshi na vumbi la risasi vinaingia ndani ya damu ya mtoto na kupunguza akili yake, na mtoto haonyeshi kidonda. Katika Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, inchi ya Senegali, watu walikuwa wanavunja batri za zamani, kisha wakaanza kuchimba udongo wa pale na kuuchunga ndani ya nyumba zao kusudi wapate vipande vya risasi vya kuuzisha. Kati ya mwezi wa 11 mwaka 2007 na mwezi wa 3 mwaka 2008 walikufa watoto 18. Kuchimba na kuchunga udongo: sisi tunajua mikono ile, ni kama ya kwetu. Na karibu zaidi, ukishuka njia ya Lusaka, utapita Kabwe. Mgodi wa risasi wa pale ulifungwa mwaka 1994, lakini udongo wa mitaa yake ungali na sumu.

Kwa hiyo batri yenye kufa iache nzima, isimame wima ndani ya beseni ya plastiki, mahali mvua haifiki, asidi yake ikiwa ndani. Usikae nayo miaka. Ipeleke nzima kwa muuzaji mwenye kupokea za zamani wakati unanunua mpya, na umwombe akupunguzie bei. Akikuambia umwage kwanza asidi juu ya kupunguza uzito, tafuta muuzaji mwingine.